Eda Niliyompa Nasra

Baba Nasra, mume wangu,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie huko ulikotangulia. Nakuandikia kwa sababu makaburini kwako sijafika hata mara moja. Siku ile walikubeba mkapita mlango huu, mimi nikabaki ndani, na humu ndani ndimo nilimo mpaka leo. Bado siku kumi na moja eda yangu iishe. Daftari ninaloandikia ni la Nasra. Kurasa za mbele zimejaa hesabu zake za maji na mabomba, zile ulizokuwa unazitazama na kutikisa kichwa kama mtu anayezielewa.

Nina neno la kukwambia na sijui nilianzie wapi. Nimemfanyia mtoto wetu jambo baya. Sikumpiga, sikumtukana. Nilimfunga. Ule muhula wa masomo wa Kanada mlioupanga pamoja mezani, wewe na yeye na ile ramani yenu, mimi nilitaka kuuzuia, na nikautafutia kamba mahali ambapo sikupaswa kuutafutia.

Ngoja nikueleze taratibu. Nikikimbilia mwisho utanihukumu kabla hujajua humu ndani kulikuwaje.

Ulipoondoka watu walijaa. Wenzetu wa msikitini walileta wali, wakaleta maji, wakafua mpaka mapazia. Baada ya wiki moja kila mtu akarudi kazini kwake, na wana haki, hapa Sydney mtu akikosa zamu mbili anaanza kutafutwa. Kazini kwangu, kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee, niliomba likizo zangu zote nilizolimbikiza, wakanipa. Shehe aliniambia kwa simu kwamba mchana naweza kutoka kwa haja, alimradi jua likizama niwe kwangu. Lakini haja gani? Mkate analeta Nasra. Dawa yangu ya presha analeta Nasra. Basi nikakaa. Sijatia wanja, sijajifukiza, nguo zangu ni zilezile mbili. Unaijua fleti yetu inavyolitazama jua la jioni. Mwezi wa kumi na mbili ulipoingia, joto lilikaa humu kama mgeni asiyeaga. Treni za Guildford nilizijua kwa mlio, hii ya mjini, hii ya Liverpool, hii haisimami. Nilikuwa nazihesabu nikiwa nimelala sakafuni jikoni, ndiko kwenye vigae vya baridi.

Katika joto hilo, Nasra alikuwa anafungasha masweta.

Ungemwona ungecheka. Mama Furaha, jirani yetu wa chini, yule Mkongomani, alimletea koti zito kutoka kanisani kwao, refu mpaka kwenye vifundo. Nasra akalivaa mchana wa saa saba, feni ikizunguka, akajitazama kwenye kioo cha bafuni jasho likimchuruzika. Akasema anafanana na dubu. Mimi nikamwekea dagaa kwenye begi, nimewakausha vizuri na kuwafunga mara tatu. Akawatoa. Nikawarudisha. Akawatoa tena: "Mama, hawa watanuka ndege nzima, nitashushwa baharini." Alilipima begi kwa njia yako, anasimama kwenye mizani nalo mikononi, kisha anasimama bila ya begi, anatoa. Umempa mambo mengi yule mtoto bila ya kujua.

Na kila alipokunja sweta moja, mimi niliutazama mlango. Nilikuwa naona siku ile atakayotoka na begi lake, mlango ufungwe, nibaki na feni. Wewe umetoka kwa mlango ule. Naye atoke kwa mlango uleule. Na mimi siruhusiwi hata kuwafuata.

Siku moja aliniuliza, hata hakuinua macho, anasukuma soksi ndani ya viatu kuokoa nafasi. "Mama, mtu wa eda anaweza kukaa peke yake?"

Alikuwa anauliza tu, Baba Nasra. Alitaka nimtoe wasiwasi. Nikasema, "Haifai."

Akaacha soksi. "Haifai vipi?"

Nikasema dini inataka awepo mtu wa damu yake ndani ya nyumba mpaka siku zitimie.

Unajua kwamba si kweli. Mimi pia najua, tena nilijua palepale neno lilipokuwa linatoka. Kwetu Tanga mwenye eda haachwi peke yake, wanawake hulala naye, wanamchekesha, wanamkorogea uji. Mama yangu aliwahi kunieleza kabisa, hiyo ni huruma ya watu, sheria ya Mungu ni nyingine. Elimu yangu ni ya darasa la saba, lakini tofauti hiyo haihitaji shule. Ila Nasra amekulia hapa. Dini yake ameipata kwa sauti mbili, yako na yangu, na moja imenyamaza. Nikisema haifai, kwake imekuwa haifai.

Hakubishana. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka sasa. Angebisha ningejirudi. Alikaa kidogo kitandani, kisha akaanza kutoa masweta, moja moja, akayarudisha kabatini. Jioni alinisomea barua ya kukiambia chuo kwamba hataweza kwenda. Alikuwa ameiandika hajaituma, alitaka nimsikilize kama imekaa kwa adabu. Walikuwa wamempa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata kujibu. Nikamwambia imekaa vizuri.

Na nilifurahi. Mungu anisamehe, usiku ule nililala usingizi ambao sikuulala tangu ufariki.

Sasa sikiliza kilichofuata. Kesho yake aliamka hana hereni. Nikadhani kasahau. Siku ya pili kaacha yale mafuta yake ya kunukia. Siku ya tatu kavaa lile gauni lake jeusi, na hakulivua tena isipokuwa kulifua. Rafiki zake walimpigia waende ufukweni, nikamsikia kwenye simu anawajibu kwa Kiingereza chao, kwamba hawezi, kwamba sisi tuko eda. Sisi! Akaja jikoni akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama anaruhusiwa kwenda duka la pembeni au mpaka pawe na haja kubwa. Miaka ishirini, Baba Nasra. Mtoto msiba wake ni siku tatu, na zake zilikwisha zamani. Anakaa eda ya mume ambaye hajamwona.

Nilitakiwa kusema pale pale. Nilisema, "Nenda, lakini usichelewe."

Aliyenizindua ni Mama Furaha. Alikuja siku ya Alhamisi na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, anapanda ngazi anapiga kelele kama kawaida yake, "Dada, we uko mzima? Jua hii itatumaliza!" Akaingia, akamkuta Nasra kwenye kochi, kajifunika jeusi mpaka mikononi, mikono mapajani, kakaa vilevile ninavyokaa mimi. Mama Furaha akamtazama, akanitazama. Akaweka bakuli chini.

"We mtoto," akamwambia, "na weye bwana yako alikufaka lini?"

Tukacheka. Sote watatu tukacheka, maana yule mama ana mdomo. Kisha Nasra akasema kwa unyonge, "Ni dini yetu, mama." Mama Furaha akaomba radhi mara tatu, akasema Mungu wa watu aheshimiwe, akashuka ngazi polepole bila ya kupiga kelele. Mkristo wa watu akamheshimu Mungu kwa uongo wangu.

Nikaenda kusali alasiri, nikapotea rakaa. Nikaanza upya, nikapotea tena. Nilikuwa nimeelekea kibla, na kila nikifunga mikono nasikia, ni dini yetu, mama. Nilikaa kwenye mswala mpaka miguu ikafa ganzi. Nikawaza kwamba nikinyamaza mpaka kesho tu, Ijumaa, barua inatumwa, jambo limekwisha, hakuna atakayejua. Njia ilikuwa fupi kiasi hicho. Na nilikuwa sina pa kutokea, maana nikisema nampoteza, na nisiposema nimempoteza vilevile, anabaki kwenye kochi tu.

Nikaenda chumbani kwake. Sikukaa. Nikamwambia nikiwa mlangoni, "Nasra, nilikudanganya. Hakuna amri ya hivyo. Unaweza kwenda."

Hakuelewa mara moja. Akaniuliza nimesoma wapi, nani kanipigia. Nikamwambia hakuna aliyenipigia, nilijua tangu mwanzo.

Nilitazamia atalia. Alisimama, akavua lile gauni jeusi palepale, akabaki na fulana na kaptula yake, akalikunja vizuri sana kama anavyokunja masweta. Akasema kwa Kiingereza, na nikatamani nisingelijua Kiingereza hata neno moja, kwamba nimemtumia Mungu. Kisha akarudi kwenye Kiswahili ili nisije nikasema sikusikia. "Ungeniomba tu, Mama. Ungesema, Nasra baki na mimi. Ningebaki."

Nikarudi jikoni, kwenye vigae.

Usiku ule hakula sombe. Asubuhi alikiandikia chuo barua nyingine, ya kukubali, wala hakunisomea. Wiki tatu zilizofuata tuliishi kama wapangaji wawili. Salamu, maji, chumvi iko wapi. Masweta yalirudi begini. Hereni zilirudi masikioni. Nilitamani anifokee, ila amekufuata wewe yule mtoto, hasira yake ni ya kufunga kinywa kama yako. Unakumbuka siku ile tulipogombana juu ya kuhamia huku, ukakaa siku nne hunisemeshi, ukanisemesha ya tano kuniuliza kama samaki ana chumvi? Basi nilingoja samaki wangu. Hakuja.

Siku yenyewe ndege ilikuwa ya jioni. Nilipiga hesabu kila namna: nikienda uwanjani nisingerudi kabla ya jua kuzama. Shehe sikumuuliza. Niliogopa angeniambia nenda, nami nisijue kama nimeenda kwa ruhusa au kwa kuitafuta ruhusa. Nimecheza vya kutosha na mambo ya Mungu mwaka huu. Mama Furaha akaleta gari lake chini, akapiga honi. Nasra alishuka na begi dogo, akapanda kuchukua kubwa. Nilimsaidia mpaka kizingitini. Hapo nikasimama.

Akanibusu mkono, kama ulivyomfundisha akiwa mdogo. Kwa haraka, midomo haikugusa sana. Nikamsomea dua kichwani, nikaisoma yote, ndefu, na hakuondoa kichwa mpaka nikamaliza. Akashuka. Nilikwenda dirishani nikaona koti la dubu linaingizwa kiti cha nyuma. Hakutazama juu.

Hiyo ilikuwa juzi. Nilisali magharibi, nikala mkate mkavu, nikakaa. Kumbe lile nililoliogopa liko hivi hivi. Feni, treni, jokofu linanguruma. Niliingia chumbani kwake nikatoka. Nikafungua kabati nikafunga. Nyumba ndogo hii, vyumba viwili, na bado nilikuwa napotea humo.

Leo asubuhi akapiga simu. Amefika, chumba chake kina dirisha lisilofunguka, nje kweupe, koti ni zito lakini halitoshi. Akataja mambo ya chuo. Kisha akaniuliza, "Nani yuko na wewe?"

Nikasema hakuna mtu.

"Uko sawa?"

Mdomo wangu ulishafunguka kusema sijambo, alhamdulillahi, ndivyo tunavyosema. Nikaufunga. Nikamwambia, "Siko sawa, Nasra. Nyumba inanibana. Nalia jikoni."

Akavuta pumzi. "Unataka nirudi?"

"Nataka," nikamwambia. "Nataka sana. Usirudi."

Nikadhani simu imekatika. Kumbe analia. Na mimi nikalia, nikamwachia asikie, sikusingizia mafua. Tulilia hivyo mpaka akasema anachelewa darasa, kesho atapiga tena. Sijui kama amenisamehe. Hakusema, nami sikumwomba aseme.

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue kwangu, Baba Nasra. Kama huko mnaulizwa juu ya wake zenu, sema unavyojua wewe, usinipambe.

Siku zangu kumi na moja nitazikaa zote, sitaiba hata moja. Zikitimia nitaoga, nitavaa nguo ya rangi, nitapanda treni mwenyewe na basi mwenyewe nije nikusalimie pale ulipo, maana mpaka sasa napajua kwa kusimuliwa tu. Na jambo moja nakuahidi: mtoto wako akiniuliza neno, nikiogopa nitamwambia naogopa. Sitauvika tena woga wangu kanzu ya dini ili upate kuheshimiwa.

Mungu akupanulie kaburi lako, akutilie nuru. Huku kumenibana, basi huko kwako kuwe na nafasi.

Kwaheri ya kuonana,
mkeo, Mama Nasra.