Jenereta Chini ya Dirisha la Mama Jaimin

Jumatano, 8 Aprili 2020

Kariakoo imepoa. Kontena letu la spika limekwama China, kule watu walifungiwa ndani kwa corona. Sina cha kuuza, jenereta nimelizima wiki nzima. Leo mlangoni kwangu nimesikia harufu ya iliki — kumbe ni chai ya Mama Jaimin, jirani wa ghorofani. Miaka yote nanusa moshi wa jenereta langu tu.

Kafungua dirisha. Sijawahi kuliona wazi.

Jumamosi, 25 Aprili

Mama Jaimin kaanika papadi dirishani, vile vichapati vyembamba vya dengu. Kaniita: Baba Brightness, duka limekufa? Nikasema limelala. Kacheka — bila kukohoa.

Mwanawe Jaimin kafungiwa Mumbai, ndege hazirushwi. Kwenye simu anamwambia mamake magari hakuna, asubuhi anasikia kasuku. "Yeye kafungiwa, mimi nimefunguliwa," kasema Mama Jaimin, akinitazama toka dirishani.

Nikajifanya napanga maboksi matupu.

Jumatano, 20 Mei

Redio wamesema mwanzoni mwa Aprili hewa ya ukaa inayotolewa kwa siku dunia nzima ilishuka karibu asilimia kumi na saba, ukilinganisha na mwaka jana. Watu wako ndani, viwanda vimesimama, magari yamepaki. Ila itarudi ileile wakitoka, maana hakuna kilichobadilishwa. Vimezimwa tu.

Vimezimwa tu. Kama jenereta langu.

Niseme hapa, hakuna anayesoma. Umeme ulikuwepo. Siku nyingi ulikuwepo. Ila sisi wa mtaa huu tunaamini duka lisilonguruma limefilisika, mteja anapita moja kwa moja. Basi nikaliwasha asubuhi mpaka jioni. Mama Jaimin aliposhuka kunisihi, kifua kinambana, nilimwambia umeme ni mdogo, utaniunguzia mali. Afunge dirisha.

Afunge dirisha. Mimi huyo.

Jumapili, 7 Juni

Kontena limetoka bandarini. Baada ya misa nimepanda ngazi zake. Kuungama kwa padri ni rahisi, yeye si aliyekohoa.

Nimemwambia yote.

"Nilijua," kasema. "Taa ya ngazi yangu ilikuwa inawaka vizuri tu."

Sasa mbona hukusema, Mama Jaimin?

"Nilisubiri uone aibu mwenyewe. Umechelewa. Kunywa chai."

Jumatatu, 8 Juni

Naandika hapa kaunta. Tumepanga spika, moja nimeichomeka ukutani, inapiga kwa umeme. Shemeji yangu Benedict, tunayeshirikiana naye duka, kashika kamba ya kuwashia jenereta. Nimemwambia aache.

"Shemeji, mtaa mzima unanguruma, sisi tutaonekana tuna msiba."

Basi tuwe na msiba wenye muziki, nikamwambia. Kacheka. Kamba hajaiachia.

Kweli mtaa mzima umerudi, moshi uleule. Redio walisema. Letu moja likinyamaza litapunguza nini? Sijui. Juu, Mama Jaimin kashika dirisha, anasubiri aone kama tutawasha. Hajalifunga.

Kaingia mama mmoja, kanisa lao linatafuta spika. Katokea duka la pili, kasema kule hakusikia kitu kwa kelele za jenereta. Kasimama mbele ya yetu, kainamisha sikio.

"Hii mbona sauti yake safi hivi?"

Benedict kamtazama. Kanitazama mimi. Sasa anaiangalia ile kamba mkononi mwake —