Makaa Chini ya Mawe ya Mipaka

Papa mpendwa,

Nakuandikia mbele za watu wote, kwa sababu walikucheka mbele za watu wote.

Unakumbuka wewe na wenzako mlivyoanza ile ofisi ya kujenga nyumba hapa Masisi? Meza moja, kamba ndefu, na wewe mpimaji uliyeshuka kutoka Kibabi na suruali moja ya kazi. Mliwajengea walimu, wauguzi na wajane mtaa mzima pale mteremkoni. Kabla ya kusimika jiwe la mpaka, ulimwomba mwenye nyumba makaa machache ya jiko lake, ukayafukia chini. Kisha ulinihesabisha hatua zako kutoka mlangoni hadi kila jiwe. Watu wakanong'ona kwamba unazika dawa. Hata kanisani ukaitwa ujieleze, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Ukaniambia, "Jiwe, muntu anaweza kuihamisha. Lakini makaa haiozi, na hakuna mwizi anaiba makaa."

Sasa ofisi ileile, ambayo ndiyo inayoniajiri, inaujenga upya mtaa wako. Mwenye kiwanja atapata nyumba ya matofali palepale. Asiye nacho ahame. Karatasi zilipotea tulipokimbia vita. Tuliporudi, mawe ya Mama Furaha, yule mjane jirani yetu, yalikuwa yameng'olewa, na bwana mmoja amelima maharagwe mpaka mlangoni kwake.

"Huyu mama hana parseli, hana kiwanja hapa," akasema.

Nikachukua jembe, nikahesabu zile hatua zako kutoka mlangoni kwake. Mkuu wangu wa ofisi akauliza, "Dada, unatafuta nini?"

"Makaa ya Papa."

Kona ya kwanza, udongo mtupu. Nikakuona tena mbele ya wazee wa kanisa. Ndipo nikakumbuka miguu yako mirefu, kwamba hatua zangu ni fupi kuliko zako. Nikasogea mbele, nikachimba tena. Yakatokea, meusi vilevile. Na kona zote nne hivyo hivyo.

Mama Furaha akapiga vigelegele: "Ndiyo moto ya jiko yangu hii! Iko moto yangu!"

Anabaki, Papa. Najivuna, wala sioni haya kusema, najivuna mpaka kifua kinauma.

Jana nimekabidhiwa kamba nipime viwanja vipya. Kwenye jiwe la kwanza mafundi walishika sululu, nikawaambia wangoje. Mkuu wetu mwenyewe alikuwa anapanda mteremko, ameshika kopo la makaa.

Pumzika, mpimaji wetu.

Binti yako mwenye hatua fupi