Nyumba ya Kumi na Saba na Nusu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi wazima, ila kinyaa kimetukaa kooni. Leo nimenawa mikono kwa maji safi ndipo nikashika kalamu, nisikuchafulie barua.

Unajua nyumba yetu ilijengwa katikati ya kumi na saba na kumi na nane, ikapewa namba 17.5. Niliringa nayo mtaa mzima. Nani mwingine ana nukta getini? Basi kampuni ya maji ikafunga mita zinazofunguliwa na kompyuta. Nyumba za witiri, zile za moja, tatu, tano, zina siku yao. Za shufwa, mbili, nne, sita, zina yao. Kwetu siku zote bomba lakohoa tu. Dada, choo! Nzi wamekuwa wapangaji. Sufuria zateleza kama konokono. Shemeji yako alinuka hadi mbuzi wa jirani akahama kivuli.

Fundi bomba akaniambia mita ni nzima, tatizo ni kompyuta: ikijiuliza kama sisi ni witiri, inakataa, kama ni shufwa, inakataa pia, basi inatufungia kama vile hakuna anayeishi humo.

Nikaenda ofisini kwao. Karani, huku akichokonoa meno kwa kona ya kitambulisho, akasema namba yetu ndiyo mbaya, tupake nyingine. Nilichefuka! Nikawageukia watu wa foleni nikawatangazia kwamba aliyeandika programu hiyo kichwa chake ni kama choo changu, na kama ana mama, basi mama huyo alizaa akasahau kulea. Nikaongeza kwamba mwanangu Kitinda, bingwa wa hesabu, anafanya kazi hiyo hiyo ya kompyuta na hawezi kuandika uchafu kama ule. Wakanipigia makofi. Karani akasema mwandishi ameshaitwa, nimsubiri nimweleze mwenyewe. Nikakunja mikono ya gauni.

Dada, mlango ukafunguliwa, akaingia Kitinda, kompyuta kwapani. Akaniamkia shikamoo mama. Foleni nzima ikanigeukia. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya kifaranga.

Alipoitazama kazi yake akashika mdomo. Akanieleza kwamba ukigawa namba yetu kwa mbili inabaki moja na nusu, naye alitegemea ibaki moja au isibaki kitu. Namba yenye nukta huiulizi kama ni witiri kabla hujajua kama ni kamili. Nikamuuliza kwa uchungu amesahauje namba ya kwao. Akasema hajawahi kuiita kwa namba. Yeye huiita nyumbani.

Akarekebisha papo hapo, akatuweka na witiri. Nani mwingine ana mtoto mwepesi hivyo? Maji yakaja na kutu, yananuka yai viza. Nikamkabidhi brashi, choo kasugua yeye, huku anatapika.

Wasalimie wote huko. Na ukisikia watu wakisimulia habari za mama aliyejitukana mwenyewe ofisini, cheka nao, ila usiwaambie ni mdogo wako.

Akupendaye,
Mama Kitinda