Beleshi la Mbele kwa Trekta la Marehemu Muhenna

JUMUIYA YA KUFAANA YA MABELA
KAMATI YA UJENZI WA UKUMBI

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Ijumaa, tarehe 9 Januari 2026, baada ya sala ya Ijumaa, barazani kwa Mwenyekiti, na kumalizikia kiwanjani.

WALIOHUDHURIA
Bw. Sinan – Mwenyekiti
Bi Hajar – Mweka Hazina, mjane wa marehemu Muhenna na mwenye trekta
Bw. Ishaq – Msimamizi wa Kazi, fundi mstaafu wa ndege
Bi Aliya – Mjumbe, mke wa Mwenyekiti
Bw. Jaifar – Katibu

ALIYEHUDHURIA KWA SIMU
Bw. Ghanim – Mjumbe, akiwa amelala kifudifudi kwa amri ya daktari (sababu iko katika Kumb. Na. 3)

WASIOHUDHURIA, BILA UDHURU
Wajumbe wawili wa upande wa vijana, kama kawaida.

KUMB. NA. 1/2026: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa Fatiha, akawakumbusha wajumbe kwamba hasira ni za shetani. Bi Hajar alisema yeye shetani anamjua, na wakati huo alikuwa amekaa naye baraza moja. Mwenyekiti aliomba maneno hayo yasiandikwe. Bi Hajar aliomba yaandikwe. Yameandikwa.

KUMB. NA. 2/2026: HALI YA KIWANJA
Katibu alieleza kwamba wadi, mto wetu mkavu, liliposhuka na mafuriko mwaka juzi liliacha mchanga na changarawe kiwanja kizima, hadi nusu ya Jiwe la Msingi ambalo Mwenyekiti aliliweka mwaka 2009. Jiwe hilo ndilo sehemu pekee ya ukumbi iliyokwisha kujengwa. Tingatinga kubwa haliwezi kupita kichochoroni, kwa kuwa majirani wamejenga kuta pande zote mbili. Kinachopita ni trekta dogo la marehemu Muhenna, na ndiyo maana kikao kilichopita kiliazimia litiwe beleshi la mbele la kuzolea mchanga.

Wenye kiwanja wameleta neno kwamba wasipoona mchanga umeondoka na msingi umechimbwa kabla ya Ramadhani, watakichukua wajenge ghala. Katibu alisema kwamba bila ya ukumbi tutaendelea kukaa matanga katika mahema ya kukodi, na wajukuu, ambao majumbani husema Kiarabu, wataendelea kukisikia Kiswahili chetu misibani tu, wakiwa nje, ndani ya gari, na kiyoyozi kinawaka. Aliongeza kwamba katika picha iliyopigwa siku ya kuweka jiwe, walio hai ni hawa waliomo katika kikao hiki.

KUMB. NA. 3/2026: TAARIFA YA JARIBIO LA JUMANNE
Bw. Ishaq alieleza kwamba beleshi alilolipata ni kuukuu na lilitengenezwa kwa ajili ya trekta changa kuliko hili, lakini aliliundia fremu ya chuma na likakaa. Lilipojazwa mchanga na kunyanyuliwa, magurudumu ya nyuma yaliacha ardhi, kama punda anayepiga mateke. Mbele palikuwa na mzigo na nyuma hapakuwa na kitu.

Kwa hivyo Bw. Ghanim, aliye mzito kuliko wajumbe wote, aliombwa asimame nyuma ya trekta. Beleshi la kwanza lilinyanyuka vizuri na akapigiwa makofi. La pili lilikuwa la mchanga uliolowa maji. Nyuma ya trekta ilipanda, Bw. Ishaq akaliachia beleshi kwa ghafla, trekta likarudi chini. Bw. Ghanim hakurudi nalo. Alipatikana katika banda la kuku la jirani.

Bw. Ghanim, kwa simu, alisema: "Chekeni. Mimi nnalala kama samaki wa kuchoma, nnasubiri mke wangu anigeuze."

Aliomba pia kwamba katika taarifa ya jaribio maneno "uzito wa nyuma", yaliyotumika juu yake, yafutwe. Ilikubaliwa asomeke "mjumbe wa nyuma". Kuku mmoja wa jirani atalipwa.

KUMB. NA. 4/2026: MATUNDU
Bi Hajar alieleza kwamba aliliazima trekta kwa sharti moja, lisitobolewe. Juzi alilikuta na matundu manane mapya ubavuni. Aliomba yafuatayo yaandikwe kama alivyoyasema:

"Muhenna akiliosha trekta hili kabla hajajiosha mwenyewe. Hata msumari wa kutundikia tasbihi hakuutia. Nyinyi mmelifanya chujio la nazi!"

Bw. Ishaq alijibu kwamba fremu ya beleshi lazima ikazwe kwa bolti kwenye mwili wa trekta, na kwamba kuifunga kwa vibano tu ni kuua mtu. "Hata ndege, dada yangu, ina matundu."

"Basi nenda katoboe ndege."

Bi Hajar alitangaza kwamba analirudisha trekta lake nyumbani siku hiyo hiyo. Mwenyekiti alimsihi, akasema kwamba Jumuiya ni kufaana na kila mmoja hana budi kutoa anachokipenda. Bi Hajar alimuuliza yeye ametoa nini. Mwenyekiti alijibu kwamba ametoa wakati wake. Bi Aliya, aliyekuwa akimimina kahawa, alisema wakati huo ulikuwa wa kwake yeye.

KUMB. NA. 5/2026: UZITO WA NYUMA
Bw. Ishaq alisema kinachotakiwa ni kitu cha kilo mia nne hivi, kining'inie chini nyuma ya trekta. Alipendekeza pipa lijazwe zege.

Bi Hajar alilikataa pipa. Alisema uzito tayari upo, umekaa kiwanjani tangu 2009 na una jina la Mwenyekiti juu yake. "Trekta la mume wangu limetobolewa. Na jiwe lako litobolewe, litiwe mnyororo, lifanye kazi. La sivyo trekta linakwenda kwetu sasa hivi, na beleshi lenu mtalivuta kwa meno."

Mwenyekiti aliweka chini kikombe chake cha kahawa. Kisha alisema kwamba kila Ijumaa hulipangusa jiwe lile kwa mkono wake. Siku litakapotoka ardhini, kiwanjani hapatakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba tulipata kukusudia chochote.

Bw. Ghanim, kwa simu, alisema: "Sinan, ndugu yangu, jiwe lako limekaa kitako miaka yote hiyo. Mimi nimefanya kazi siku moja nimevunjika kiuno. Na lenyewe lishike zamu."

Kura zilipigwa. Waliokubali ni Bi Hajar, Bw. Ishaq, Bw. Ghanim na Bi Aliya. Aliyepinga ni Mwenyekiti. Katibu hapigi kura ila zinapolingana, na safari hii alishukuru.

Mwenyekiti alimtazama Bi Aliya, akasema: "Hata wewe?" Bi Aliya alijibu: "Mimi nataka ukumbi, bwana. Jiwe ninalo."

KUMB. NA. 6/2026: KAZI KIWANJANI
Kikao kilihamia kiwanjani baada ya Alasiri. Mwenyekiti alikataa kusaidiwa; alikunja kanzu na kulifukua jiwe mwenyewe kwa chepeo. Bw. Ishaq alitaka kulitoboa katikati, pale palipoandikwa jina, akisema ndipo patakapolingana. Bi Hajar alimzuia mkono.

"Hapo pana jina la mtu. Shuka chini."

Yalitobolewa matundu mawili chini ya maandishi, mnyororo ukapitishwa, na jiwe likanyanyuliwa kwa mikono ya nyuma ya trekta, ile iliyokuwa ikibebea plau. Bw. Ishaq alijaza beleshi, akanyanyua. Magurudumu ya nyuma hayakuondoka ardhini. Bw. Ghanim, aliyekuwa bado kwenye simu, aliuliza kama kuna mtu bandani mwa kuku. Alijibiwa hakuna.

Ila usukani ulikuwa mzito, na Bw. Ishaq alishindwa kukata kona. Bi Hajar alimteremsha, akapanda. Aliuliza: shambani kwao Barka, Muhenna akiliosha trekta, aliyekuwa akililimia ni nani? Alijaza beleshi nusu, akalishusha karibu na ardhi, akageuza magurudumu yakiwa yanatembea. Mchanga wa kwanza uliondolewa pale lilipokuwa jiwe.

Mwenyekiti alifuata nyuma ya trekta kila safari, mkono juu ya jiwe, akisema analizuia lisiyumbe. Halikuwa likiyumba.

KUMB. NA. 7/2026: MAAZIMIO
Trekta libaki kiwanjani mpaka mchanga uishe. Msingi ukishachimbwa, jiwe lirudi mahali pake, na Mwenyekiti aliweke tena. Bw. Ishaq alipendekeza siku hiyo matundu ya jiwe yazibwe kwa saruji yasionekane. Bi Hajar, akiwa juu ya trekta, alisema yasizibwe. Mwenyekiti aliulizwa rai yake, akasema yeye anaafikiana na Bi Hajar. Katibu amepekua kumbukumbu zote za nyuma na hajaona mahali pengine walipoafikiana.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Mwenyekiti alikifunga kwa ishara ya mkono, kwa kuwa trekta lilikuwa likinguruma na mkono wake wa pili ulikuwa juu ya jiwe. Michanga iliyoko kwenye nakala hii ni ya kiwanjani.

(Imesainiwa)
Sinan, Mwenyekiti

(Imesainiwa)
Jaifar, Katibu