Siku Tisa za Mbwa wa Agya Donkor

Kwa mdogo wangu Afua Birago,

Pokea salamu za kaka yako, nyingi kuliko kakao iliyoanikwa uani. Hamjambo wewe na wajukuu? Goti lako limepoa? Huku kakao imezaa, na shamba langu ndilo linaloongoza, hata wanaonichukia wanakiri. Utauliza barua ya nini wakati simu ipo. Kwenye simu ungesikia sauti yangu, nami wiki hii sitaki mtu aisikie.

Chama chetu cha wakulima kimepata kompyuta, na binti mmoja, Mwalimu Dufie, anatufundisha kuhesabu tarehe ndani yake: kakao ivundikwe lini, dawa ipulizwe tena lini. Mimi mwenyekiti nakaa mbele. Kusoma kwangu unakujua, ni kwa kuparamia, lakini fomula niliishika kabla ya vijana wote. Unaweka alama ya usawa, unagusa kisanduku cha tarehe ya mwisho, unaweka alama ya kutoa, unagusa cha tarehe ya mwanzo. Basi.

Ubishi ukaja Mwalimu alipoweka Jumatano mpaka Jumatano, mashine ikasema saba. Nikamwambia mashine yake mwizi, maana tangu babu zetu hizo ni siku nane. Mtoto hupewa jina siku ya nane, na ile aliyozaliwa imo. Maame Pokuaa, muuza samaki, akaniunga mkono, akasema labda kompyuta siku ya kwanza huwa bado imelala. Darasa zima kicheko. Mwalimu akajibu kwa adabu kwamba mashine inahesabu usiku uliopita katikati. Anayetaka hesabu ya kwetu aongeze moja.

Mimi nishindwe na binti? Nikampa tarehe za kweli. Mbwa wa jirani yangu Agya Donkor alimuuma mtu mmoja hapa Jumatano, tarehe nne. Bwana mifugo akaagiza mawili: aliyeumwa akachomwe sindano siku ileile, na mbwa afungwe, siku kumi zikipita yu mzima, hana kichaa. Mtu yule sindano akaikataa, akasema atamngoja mbwa. Mbwa akafa Ijumaa, tarehe kumi na tatu, taya limelegea, mate yanachuruzika. Tukasema uzee. Kwa vidole vyangu kumi zilishatimia.

Mwalimu akaziandika. Mashine ikatoa 9 Januari 1900, watu wakapiga kelele kwamba hiyo ndiyo siku niliyozaliwa, nami nikacheka nao. Mwalimu akasema kisanduku kilidhani tunataka tarehe, akakigeuza kionyeshe namba tupu. Ikabaki tisa, peke yake.

Yeye hakucheka tena. Akasema hata ingekuwa kumi, au ishirini, mbwa aliyekufa vile hakuwa mzima, na huyo mtu akimbie hospitali leo. Akaniuliza yuko wapi. Nikasema amesafiri. Maame Pokuaa akafoka, kama amesafiri si apigiwe simu, au mwenyekiti anaogopa kumaliza salio?

Birago, hakuna aliyesafiri. Ni mimi. Aliniuma juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, na joto lote hili navaa soksi watu wasione. Nilimwambia bwana mifugo kwamba mimi Kwaku, niliyezaliwa Jumatano, siwezi kuuawa na mbwa wa Jumatano. Kidonda kimefunga, lakini tangu nitoke darasani kinawasha, sijui ni chenyewe au ni woga. Husemwa mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji. Nimeweka kikombe mezani: naandika mstari, nakunywa. Bado yanapita. Kila nikikiinua, moyo unaniambia safari hii koo litakataa.

Mwalimu nimemwambia ukweli. Hakunicheka, amekwenda kuwasha pikipiki anilete mjini kwako, palipo na hospitali. Barua hii nitakupa mkononi mwenyewe, maana mdomo wangu umezoea kujisifu, haya hautaweza kuyatamka. Kwa hiyo ukifika mstari huu, mimi nimesimama mlangoni mwako. Usinigombeze mbele ya binti wa watu. Jifunge kitambaa chako, twende. Wakiitoa hiyo sindano, unishike mkono.

Wajukuu wasalimie, waambie babu amekuja kutembea tu.

Mimi kaka yako,
Opanyin Kwaku Amponsem