Kichupa Kwenye Friji

Jumatatu, 3 Machi
Glavu, barafu, kusaga majani. Ni yale ya Igowole wanayowachemshia wagonjwa wa sukari. Mgongo hoi. Keshokutwa naanza kazi yenyewe: kuona kama maji yake yanakizuia kimeng'enya. Ni kimeng'enya cha binadamu, ila kimetengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni yetu. Kazi yake kung'oa fosfati kwenye vitu vingine, na kwa njia hiyo kinaidhoofisha insulini. Kichupa kimoja tu, kimeletwa kwenye barafu kavu. Dokta anayenisimamia kashasema kikiharibika hakuna kingine mwaka huu. Bila hicho sina shahada.

Jumatano, 5 Machi
Kichupa hakimo kwenye friza. Nimekikuta kwenye friji ya kawaida, kimeyeyuka, kimesimamishwa vizuri kwenye kikombe.

Ni Mama Chengula, mtunza stoo wetu. Kabla ya kuja hapa chuoni alikuwa nesi wa chanjo, kaitembeza vijijini miaka na miaka, na chanjo nyingi ukizigandisha umeziua. Jana akipanga friza kasoma "binadamu" kwenye kichupa, kadhani ni dawa ya watu kama chanjo, kashtuka, kakihamisha. Alidhani kaniokolea.

Nilimwambia mbele ya wanafunzi wote, "Mama, umeniua."

Kavaa sweta lake katoka. Nina hasira.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejaribu. Kimeng'enya kikiwa hai, dawa ya kupimia inageuka njano. Vishimo vyote vya sahani ya kupimia vyeupe kama maji ya bomba. Nimerudia. Vyeupe.

Nimelia chooni. Halafu nikamwandikia mkuu wa maabara, ukurasa mzima, jina la Mama Chengula mara nne.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Chengula kaambiwa akae nyumbani mpaka kikao. Amebakiza miezi michache astaafu. Kaacha funguo mezani, zote zina vikaratasi. Nikajiambia sijali.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani nimeimba bila kusikia ninachoimba. Mama yangu kapiga simu kutoka Mbeya kuuliza masomo. Nimemwambia yanaenda. Uongo.

Jumatatu, 10 Machi
Maabara, peke yangu.

Nilikuwa naosha vyombo nikaiona chupa ya bafa, yale maji ya chumvi niliyochanganyia kimeng'enya Alhamisi. Ni ile ya kuoshea seli. Imejaa fosfati. Mimi mwenyewe niliichukua, kwa haraka na hasira, bila kusoma. Kimeng'enya cha kung'oa fosfati nimekizamisha kwenye fosfati, kitafanyaje kazi na mdomo umeshajaa?

Nimechukua tone jingine kichupani, nimeweka bafa inayotakiwa. Dakika tano. Njano.

Nguvu imepungua kidogo lakini kiko hai. Kilikuwa hai siku zote hizo. Nimekaa sakafuni. Sikufurahi hata kidogo. Nimemchongea mtu mzima bure.

Hakuna aliyeniona. Naweza kukaa kimya, nikasema nimeazimwa kingine na chuo kingine. Nimeliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko inavyopasa.

Jumanne, 11 Machi
Nimeenda kwa mkuu wa maabara na chupa mkononi. Kanisikiliza, kaivuta ile barua yangu, kaniambia niichane mwenyewe. Mama Chengula anarudi Alhamisi. Nilidhani nitapumua. Wapi.

Jumatano, 12 Machi
Kihesa, nyumbani kwa Mama Chengula. Nimebeba sukari na sabuni. Nilimkuta barazani anachambua maharage. Nikapiga goti, nikamsalimu Kihehe, "Kamwene, mama." Kaitikia, kanisogezea kigoda, hakuacha kuchambua.

Nimesema yote. Bafa, barua, jina lake mara nne. Nimeomba msamaha. Nikaanza na mimi kuchambua maharage ili mikono ipate kazi.

Kisha akauliza, "Kipo hai?"

"Kipo hai, mama."

"Mwanangu, siku kile kichupa kinakuja, mimi ndiye niliyekipokea getini. Ulikichukua mkononi mwangu ukanipita nacho. Hukuniambia ni kitu gani wala kinakaaje. Mimi nikafanya ninachokijua."

Kweli nilimpita. Mwaka mzima nampita, salamu tu.

Kaniambia nimweleze sasa. Nikamweleza: bakteria, jeni, fosfati, kwa nini friza. Kauliza maswali mazuri kuliko ya Dokta. Tumemaliza maharage, kanipa mengine nikapike.

Alhamisi, 13 Machi
Mvua tangu asubuhi. Mama Chengula kafungua stoo saa mbili. Nimempelekea kichupa mkononi mwake, kakirudisha mwenyewe kwenye friza. Kaandika kwenye daftari lake, kaniuliza tena jina la kimeng'enya, nikamtajia herufi moja moja.