Mpangaji Asiyesema Aendako

Jumatatu, 3 Februari
Saa mbili. Bi Irena, mpangaji wangu wa juu, katoka na kikapu. Nimemuuliza kama tunavyoulizana sote hapa Mkomani: "Wenda wapi?" Kakunja uso. "Kutembea." Jibu gani hilo? Ana la kuficha.

Kaka Athman kapiga simu tena kutoka Mombasa. Nyumba hii ya mama iuzwe, mnunuzi yupo. Jina hataji. Bila sahihi yangu hawezi.

Alhamisi, 6 Februari
Bi Irena katoka saa tatu, karudi saa sita kasoro. Alasiri kapiga picha zidaka za ukumbini, vile vishubaka vya ukutani, kisha mlango. Mrumania huyu ana miezi miwili tu hapa na tayari anajua boriti ipi imeoza. Ndiye mnunuzi, au katumwa naye.

Nimemwambia binamu yangu Swaleh, alipokuja kunywa kahawa. Kasema nisimwondolee jicho. Afadhali kuna mmoja mwenye akili katika ukoo huu.

Jumamosi, 8 Februari
Swaleh tena. Nimemsomea daftari hili lote: saa za Bi Irena, picha zake. Sina raha ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Jumatatu, 10 Februari
Aibu. Daftari nililisahau dakani, kwenye baraza ya mlangoni, na Bi Irena kalisoma. Kiswahili anakijua kuliko nilivyodhani.

Hakupiga kelele. Kaketi, kanieleza. Kwao, enzi za ukomunisti, watu waliandikwa hivi hivi: katoka saa ngapi, karudi na nini. Utawala ulipoanguka mafaili yakafunguliwa, kila mtu akaenda kusoma lake. Lake liliandikwa na dadake. Hata walipomzika mama yao hawakusemezana.

Zidaka kazipiga picha kwa sababu ni nzuri. Basi.

Kaniuliza nimemsomea nani. Nikasema hapana mtu. Uongo, na jina la Swaleh keshalisoma humu.

Jumatano, 12 Februari
Athman kataja jina. Mnunuzi ni Swaleh. Kahawa yangu yote ile! Sitii sahihi, hata waje na kadhi. Hasira yangu nusu ni juu yao, nusu juu yangu.

Ijumaa, 14 Februari
Bi Irena kahama. Chumba kakifagia. Ufunguo kampa jirani, si mimi. Baada ya sala majirani wameniuliza kaenda wapi. Nimesema sijui.

Nilimsikia akishuka ngazi. Nilibaki jikoni, asinione nikimtazama.